Fidia ya Kifo cha Ajali: Fungu la Wategemezi na Fungu la Mirathi

Mtu akifa kwa uzembe wa mwingine, awe amegongwa na lori Kibarani, Mombasa, ameangukiwa na mzigo gatini au amepewa dawa isiyostahili hospitalini, sheria ya Kenya inawapa waliobaki madai mawili. La kwanza ni la wategemezi wake, chini ya Sheria ya Ajali za Vifo, Sura ya 32. La pili ni la marehemu mwenyewe, lile ambalo angelidai kama angeishi, nalo linabaki hai kwa Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26. Yote mawili huingia katika kesi moja, tena aghalabu kwenye karatasi zilezile, na kwa sababu hiyo watu huyaona kuwa kitu kimoja. Ugomvi mwingi wa familia baada ya hundi kutoka huanzia hapo.

Fungu la wategemezi si mirathi. Ni fidia ya riziki iliyokatika, na anayeipata ni yule aliyekuwa akilishwa, akivishwa au akisomeshwa na marehemu. Sheria imewataja wanne tu: mke, mume, mzazi na mtoto. Kaka na dada hawamo. Hata kama marehemu ndiye aliyekuwa akimlipia mdogo wake karo ya chuo, huyo mdogo hana nafasi katika fungu hili, na wakili anayemwandika anampa matumaini ya bure. Kiasi anachopata kila mmoja huamuliwa na mahakama kwa kuangalia utegemezi: mtoto wa miaka 5 aliye na safari ndefu ya kulelewa anaweza kupewa zaidi ya kaka yake wa miaka 25 aliye na kazi. Hapa hakuna thumni (moja ya nane) wala sudusi (moja ya sita) za mirathi ya Kiislamu, na mtoto wa kike hapati nusu ya wa kiume kwa sababu ni wa kike.

Fungu la pili huingia katika mali ya marehemu na hugawanywa kama mali yake nyingine. Kwa Mwislamu, hiyo ni kazi ya Kadhi na hesabu ya faradhi, yaani mafungu ya mirathi ya Kiislamu. Humo mna fidia ya maumivu aliyoyapata kabla ya kukata roho, fidia ya kupunguziwa umri, ambayo kwa mazoea ya mahakama zetu ni kama shilingi 100,000, na gharama za mazishi na matibabu. Fungu hili ndilo dogo. Fedha kubwa ziko katika lile la kwanza, na kwa hiyo mtu anayeingia kikao cha familia na hesabu ya mirathi mkononi akataka kuligawa fungu la kwanza kwa faradhi anazigusa pesa za mayatima na mjane kwa kanuni isiyo yake. Wakubwa wa familia walielewe hili mapema, kabla ya pesa kuonekana.

Mawakili wa bima hupenda kusema kwamba kwa kuwa wanaofaidika na mafungu yote mawili ni walewale, fungu dogo likatwe lote. Chimbuko la hoja hiyo ni kesi ya Kemfro ya 1987, nayo ina ukweli ndani yake, kwamba mtu asilipwe hasara ileile mara mbili. Lakini Mahakama ya Rufani ilifafanua mwaka 2015 kuwa haki za sheria hizi mbili zinasimama pamoja, na kwamba hakuna ulazima wa kutoa shilingi kwa shilingi. Jaji hulitazama fungu moja akijua la pili lipo, basi. Ukiambiwa "sheria inasema tukate", uliza ni kifungu gani.

Kuna jambo jingine la Sura ya 32 ambalo likikosewa halirekebishiki kirahisi: kesi ni moja tu kwa kifo kimoja, na majina ya wategemezi wote wanaoombewa fidia lazima yaandikwe ndani yake. Mke wa pili aliyeko Ukunda, mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, mama mzazi aliyeko kijijini Kaloleni, asiyetajwa leo hana kesi yake ya kufungua kesho. Familia huficha kwa kuona haya, au kwa kutaka sehemu iwe kubwa, halafu mke aliyeachwa nje anatokea mahakamani na kesi nzima inasimama. Waandikeni wote. Mke aonyeshe cheti cha ndoa, cha Kadhi au cha kanisa, au ushahidi wa ndoa ya kimila. Mtoto aonyeshe cheti cha kuzaliwa. Mzazi aonyeshe kwamba alikuwa akisaidiwa, na hapa ujumbe wa M-Pesa wa kila mwezi una uzito kuliko maneno ya mashahidi watatu.

Saa inayokimbia

Muda wa kawaida wa kesi ya uzembe ni miaka 3. Watu wengi wanaujua huo, na ndio unaowaponza, kwa maana si wote wana miaka 3. Kama mkosaji ni serikali, kwa mfano gari la polisi au la wizara, muda ni miezi 12. Halmashauri ya Bandari ina kifungu chake, cha 66 katika sheria yake: upeleke notisi ya maandishi, usubiri mwezi mmoja, na kesi iwe imefunguliwa ndani ya miezi 12. Shirika la Reli nalo lina masharti ya aina hiyohiyo. Katika mji ambao bandari, reli na malori yake ndiyo maisha ya kila siku, dhani kwamba una miezi 12 mpaka wakili akuhakikishie una zaidi. Kwa hospitali ya umma fanya vivyo hivyo.

Sasa ichukue miezi hiyo 12 uitoe eda. Mjane wa Kiislamu anakaa miezi 4 na siku 10, au mpaka ajifungue kama ana mimba, na katika nyumba nyingi za hapa hakuna karatasi inayoguswa kabla eda haijaisha. Theluthi ya muda imekwenda. Hakuna haja ya kumsumbua mjane. Baba wa marehemu, shemeji au mtoto mkubwa anaweza kukusanya hati zote, na saini chache zinazomhitaji mwenyewe zinaweza kuletwa nyumbani. Panapokuwa na ulazima wa yeye kutoka mchana, aulizwe sheikh mapema badala ya kudhani haiwezekani.

Kabla ya kesi panahitajika mtu mwenye mamlaka ya kusimama kwa niaba ya marehemu. Mamlaka hayo yanaitwa ad litem, ni kibali cha mahakama cha kushtaki tu, hakikuruhusu kugawa mali. Kinaombwa kwa cheti cha kifo, barua ya chifu inayotaja waliobaki, na ridhaa ya warithi wengine. Kesi ya mali ya marehemu ikifunguliwa kabla ya kibali kutoka haina uhai, hata kibali kikitoka wiki moja baadaye. Mahakama zimeifuta mara nyingi mno, na wakati huo miaka 3 imeshapita. Linganisha tarehe mbili hizi mwenyewe kwenye karatasi: ya kibali na ya kufunguliwa kesi. Fungu la wategemezi lina mlango wa dharura: kama msimamizi wa mali ya marehemu hayupo, au yupo na miezi 6 imepita bila ya yeye kushtaki, mtegemezi anaweza kushtaki kwa jina lake kwa niaba ya wenzake. Mlango huo haulisaidii fungu la mirathi.

Majina nayo yana mambo yake. Kitambulisho kimeandikwa Mohamed, cheti cha kifo Muhammad, abstrakti ya polisi (muhtasari wao wa ajali) Mohammed na jina la babu limeachwa. Kwetu sisi ni mtu mmoja; kwa wakili wa bima ni watu watatu. Soma kila hati kabla hujaondoka dirishani, na kosa lirekebishwe palepale. Likishapita, utahitaji hati ya kiapo, na wakati mwingine kurudi kwa msajili wa vifo kuanza upya.

Siku za mwanzo

Ugumu mkubwa kwa familia za Pwani ni uchunguzi wa maiti. Tunazika haraka, na hilo ni jambo jema. Lakini fikiria mtu aliyegongwa na pikipiki, akalazwa hospitali ya Makadara siku 18, akafa. Cheti cha kifo kinaandika nimonia. Bima itajibu kwamba huyu kauawa na ugonjwa wa mapafu na ajali haihusiki, na familia haina daktari wa kusema kuwa alipata nimonia kwa sababu alilala chali na mbavu zilizovunjika. Ukiwa na ripoti ya uchunguzi inayoanzia kwenye jeraha na kufika kwenye kifo, hoja hiyo inaisha. Ombeni ufanyike asubuhi mapema, na afisa anayepeleleza ajali awepo. Mara nyingi mnazika siku hiyohiyo. Kama familia imekataa kabisa, basi faili lote la hospitali, picha za eksirei na ripoti ya kuruhusiwa au ya kifo viombwe kwa barua mara moja, maana faili huwa gumu kupatikana kadiri miezi inavyokwenda.

Kwa ajali ya barabarani, chukueni namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) siku ileile na abstrakti baadaye, na mhakikishe abstrakti inataja namba ya gari, mwenye gari, kampuni ya bima na namba ya cheti cha bima. Piga picha stika ya bima kwenye kioo kabla gari halijavutwa. Kisha fanya utafutaji wa rekodi za gari NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ukiomba zionyeshe mmiliki wa tarehe ya ajali. Magari hapa huuzwa kwa mkataba wa mkononi na logbuku ikabaki kwa wa kwanza. Sheria ya Trafiki humchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka athibitishe vinginevyo, kwa hiyo mshtaki yeye, na kama unamjua aliyenunua, mshtaki naye pia, pamoja na dereva.

Risiti za mazishi wekeni zote: sanda, gari, kuchimba kaburi, turubali, chakula cha matanga au cha hitima. Mahakama hukubali kiasi cha wastani hata bila risiti, kwa kuwa inajulikana hakuna anayezika bure na hakuna anayedai risiti akilia, ila gharama za hospitali hazina huruma hiyo.

Hesabu inavyopigwa

Fungu la wategemezi hupigwa hivi: kipato cha mwezi baada ya makato ya lazima, mara 12, mara idadi ya miaka, mara sehemu aliyokuwa akiitumia kwa wategemezi wake. Mwenye mke na watoto, sehemu hiyo huwa theluthi mbili; kijana asiyeoa aliyekuwa akisaidia wazazi, huwa theluthi moja. Idadi ya miaka si miaka yote iliyokuwa imebaki hadi kustaafu. Aliyekufa na miaka 35 alikuwa na 25 ya kufika 60, lakini mahakama inaweza kumpa 20, kwa sababu maisha yana mengi na fedha zinalipwa zote kwa mkupuo.

Chukua utingo wa miaka 35, kipato 30,000. Mara 12, mara 20, mara theluthi mbili, inakuja 4,800,000. Fungu la mirathi: umri 100,000, maumivu tuseme 50,000. Jumla 4,950,000. Mahakama ikaona naye alichangia ajali kwa asilimia 20, labda alivuka pasipo pa kuvukia, inabaki 3,960,000. Katika hizo, 3,840,000 ni za wategemezi, zigawanywe kwa amri ya mahakama. Zinazokwenda kwa Kadhi ni 120,000 tu: mke thumni, 15,000, baba na mama sudusi kila mmoja, 20,000 na 20,000, zinabaki 65,000, mtoto wa kiume 32,500 na binti wawili 16,250 kila mmoja. Tazama ukubwa wa kila fungu, ndipo utaona kwa nini kuyachanganya ni dhuluma.

Asiye na hati ya mshahara asikate tamaa. Dereva wa tuktuk, muuza samaki wa Likoni, fundi wa jua kali, wote walikuwa na kipato, na mahakama imeshasema mara nyingi kuwa karatasi si ushahidi pekee. Taarifa za M-Pesa, daftari la chama, mwenye tuktuk aje aseme marehemu alimletea kiasi gani kwa siku na yeye akabaki na nini. Vikikosekana vyote, mahakama hutumia kima cha chini cha mshahara kwa kazi ile, na hapo utaje kwamba alifanya kazi Mombasa, kwa kuwa mji huu uko kundi moja na Nairobi na Kisumu, juu ya miji midogo. Mama wa nyumbani na mtoto mdogo nao wana fidia. Mara nyingi hutolewa kiasi cha jumla bila ya hesabu hii.

Asilimia ya lawama ndiyo inayokula fedha nyingi, kwa hiyo kesi ya trafiki isiachwe ijiendeshe. Dereva akishtakiwa kwa kusababisha kifo kwa uendeshaji wa hatari, mtu wa familia ahudhurie kila tarehe, ajue mashahidi wamekuja au hawakuja. Dereva akitiwa hatiani na rufaa zikaisha, kifungu cha 47A cha Sheria ya Ushahidi kinaifanya hatia hiyo isipingike kwenye kesi ya fidia, ingawa bado anaweza kudai kwamba marehemu naye alikosea. Kesi ikitupwa kwa kukosa mashahidi, mlango wa fidia haufungi, bali mzigo wote wa kuthibitisha unarudi kwenu.

Bima ya lazima ya gari, chini ya Sura ya 405, ina kikomo cha shilingi milioni 3 kwa mdai mmoja. Katika mfano wetu 960,000 zinabaki juu ya mwenye gari mwenyewe, ndiyo maana ni muhimu kumjua ni nani na ana nini. Notisi iende kwa kampuni ya bima kabla ya kesi kufunguliwa, kwa njia yenye muhuri wa kupokelewa. Bima ikigoma kulipa baada ya hukumu, inafunguliwa kesi ya pili dhidi yake ili itamkwe kuwa inawajibika. Bila notisi ya mwanzo kesi hiyo ya pili haisimami, na hukumu yenu nzuri inabaki karatasi. Lori la namba za Uganda, Rwanda au Kongo huwa na kadi ya njano ya COMESA, yaani bima ya magari yanayovuka mipaka. Namba ya kadi hiyo iandikwe siku ya ajali, kabla lori halijavuka Malaba.

Aliyekufa kazini ana njia nyingine. Mwajiri wake hashtakiwi kwa kesi ya kawaida. Mahakama ya Juu ilithibitisha hilo Desemba 2019. Madai huenda kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini chini ya WIBA, sheria ya 2007 ya fidia ya majeraha kazini, na fidia ya kifo ni mishahara ya miezi 96, pamoja na gharama za mazishi. Madai yawasilishwe ndani ya miezi 12. Ajali yenyewe mwajiri aarifiwe ndani ya saa 24, kwa maandishi, nakala kwa Mkurugenzi, hata kama msimamizi wa zamu aliiona kwa macho yake.

Wiki ya msiba huwaleta watu wenye upole mwingi: wanalipia turubali, wanaacha elfu kumi, wanaomba saini "ya kuanzisha faili". Ni madalali wa ajali. Wakili haruhusiwi kutafuta wateja kwa njia hiyo, na mapatano ya "nikishinda nichukue theluthi, nikishindwa hunidai" hayana nguvu, kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili kinayabatilisha. Mchagueni wakili wenyewe, thibitisheni jina lake kwenye orodha ya Chama cha Wanasheria, na mpatane ada kwa maandishi. Vocha ya bima inayosema "malipo kamili na ya mwisho" isitiwe saini na yeyote, awe mjane, awe baba mzazi, kabla hesabu ya hapo juu haijapigwa. Ikishatiwa saini hakuna nyongeza.

Hundi hupitia akaunti ya wakili. Ombeni nakala ya hundi, hukumu na hesabu ya makato, na malalamiko yakiwepo kuna Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili. Sehemu ya watoto walio chini ya miaka 18 muombe mahakama, ndani ya hukumu yenyewe, iamuru iwekwe benki katika akaunti yenye faida kwa majina yao, mlezi akitoa karo na matibabu kwa idhini. Amri hiyo isipoombwa, hakimu anaweza asiitoe, na pesa zikishaingia akaunti ya ami au mjomba, kuzirudisha ni kesi nyingine, safari hii baina ya watu wa nyumba moja.